AJIRA NA VIJANA: Fundi wa sauti, mwanabendi asiyepanda jukwaani

UKIENDA shoo ya roki Nairobi, macho yako yatakuwa mbele. Kuna msee wa dramu anayezipiga kama anazidai pesa, kuna wa gitaa aliyefumba macho, kuna mwimbaji anayerukaruka mpaka jasho linawafikia watu wa mstari wa kwanza. Nyuma yako, katikati ya umati au kwenye kona karibu na kaunta, yupo kijana mwingine aliyevaa nyeusi, amesimama mbele ya miksa yenye vitufe vingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Huyo hutamtazama hata mara moja, labda maiki ipige ule mluzi wa kuchoma masikio. Hapo ukumbi mzima utageuka, na wote watamwangalia yeye.

Ndiyo kazi ya fundi wa sauti wa shoo za laivu. Mambo yakienda fiti, sifa ni za bendi. Yakiharibika, lawama ni zake. Na bado hawakosi vijana wanaomsogelea usiku shoo ikiisha, akiwa amechuchumaa anakunja kebo, wamuulize: buda, hii kazi mtu huingia aje?

Swali hilo nitalifikia. Kwanza tuongee kuhusu roki yenyewe, kwa sababu naamini hakuna muziki unaomfunza fundi wa sauti kwa ukali kama huo.

Roki ya Kenya haijawahi kuwa na umati wa gengetone au wa injili, lakini pia haijawahi kufa. Bendi kama Parking Lot Grass, Murfy's fLaw, Last Year's Tragedy na Crystal Axis zimejijengea mashabiki wao. Mwaka 2020 kundi la watu wawili kutoka Nairobi, Duma, lilitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali kiasi kwamba mathe wako akiusikia chumbani mwako atadhani redio imeharibika. Sehemu kubwa ya shoo za mtindo huu hufanyika kwenye baa na kumbi ndogo, si kwenye uwanja wa Kasarani. Na kwa fundi wa sauti, chumba kidogo ni kigumu kuliko uwanja.

Hili huwashangaza wengi. Tunadhani ukumbi ukiwa mdogo kazi inakuwa rahisi, unawasha spika mbili na kwisha. Sasa fikiria baa yenye dari la mabati na kuta za simiti. Mpiga dramu akianza tu, kabla ya umeme wowote kuguswa, chumba kimeshajaa. Dramu zikipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100 kwa mtu aliye karibu. Mpiga gitaa naye ana amplifaya yake, na kwa kuwa ladha ya gitaa la roki hutokana na amplifaya kulazimishwa mpaka ikwaruze, hataki kusikia habari za kupunguza. Wa besi anaona hasikiki, anaongeza. Wa dramu anaona amefunikwa, anapiga kwa nguvu zaidi. Anayebaki bila silaha ni mwimbaji. Koo la binadamu halina kitufe cha kuongeza.

Basi fundi anaongeza maiki ya mwimbaji. Tatizo ni kwamba maiki haijui inatakiwa kusikia nani. Matoazi ya dramu yako mita mbili nyuma ya mwimbaji, yanaingia kwenye maiki hiyohiyo. Ukiiongeza, umeyaongeza na matoazi. Kisha mwimbaji anaashiria hajisikii, anataka monita, ile spika iliyolala sakafuni ikimtazama, iongezwe. Sauti inatoka kwenye monita, inarudi kwenye maiki, inaenda kwenye amplifaya, inatoka tena kubwa zaidi, inarudi tena. Huo mzunguko ukifika mahali fulani hauhitaji tena mtu kuimba. Unajiimbia wenyewe. Huo ndio mluzi unaokufanya uzibe masikio.

Fundi asiye na uzoefu hujibu kila lalamiko kwa kuongeza. Ukimwona ameongeza kila kitu hadi mwisho saa mbili usiku, jua ifikapo saa nne hakuna atakayesikia chochote. Fundi mzuri hupunguza. Anatafuta masafa yale yanayopiga mluzi na kuyakata kidogo kwenye ikwalaiza ya monita, kama daktari wa meno anayetafuta jino moja bovu. Anaondoa uzito wa chini kwenye magitaa ili besi ipate nafasi. Na kabla ya kugusa kitufe chochote, anapanda jukwaani kuongea na mpiga gitaa.

Hayo mazungumzo ni nusu ya kazi. Kuna ujanja mmoja unaofaa kujulikana na kila anayeanza. Mpiga gitaa mara nyingi husimama karibu sana na amplifaya yake, nayo iko sakafuni. Spika inampiga kwenye ndama za miguu, masikio yake yako juu kabisa. Kwa hiyo anaongeza, na mshale mzima wa sauti unaenda kwa dada aliyesimama mstari wa tatu. Usimwambie apunguze, atakasirika, na huyo ni msanii. Chukua kreti ya soda au kiti, inua amplifaya, au iegemeze ikitazama juu ielekee uso wake. Baada ya wimbo mmoja atapunguza mwenyewe.

Jingine ni namna ya kushika maiki. Shure SM58, ile maiki yenye kichwa cha wavu cha mviringo unayoiona kanisani, arusini na kwenye mikutano ya siasa, ilianza kuuzwa mwaka 1966. Ubora wake mmoja ni kwamba husikia vizuri mbele na karibu haisikii kabisa nyuma, ndiyo maana monita huwekwa nyuma yake. Sasa waimbaji wengi wa metali, kama marapa, hupenda kukifunika kile kichwa kwa kiganja. Inapendeza kwenye picha. Lakini wavu ukizibwa, maiki inaanza kusikia pande zote na mluzi unakuja. Fundi atalaumiwa, mwimbaji ataonekana shujaa.

Taabu hizi zina umri. Tunaweza kusema kazi hii yenyewe ilizaliwa kwa sababu roki ilikua haraka kuliko spika. Mnamo Agosti 15, 1965, The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu 55,600. Vox ilikuwa imewatengenezea amplifaya za wati 100, na sauti za waimbaji zilipitishwa kwenye spika za uwanja, zile za kutangazia mechi za besiboli. Mashabiki walipiga mayowe mwanzo hadi mwisho. Ringo Starr amewahi kusimulia kwamba kwenye shoo za aina hiyo alikuwa akifuata wimbo kwa kutazama miili ya wenzake ikitikisika, maana hakuwa anasikia. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 29, 1966, walipiga shoo yao ya mwisho ya kulipiwa jijini San Francisco wakaachana na ziara, na moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo. Bendi kubwa kuliko zote duniani iliacha kupiga laivu huku mojawapo ya shida zake ikiwa ni fundi na mitambo ambayo haikuwepo bado.

Wengine walianza kuitengeneza. Uingereza, Charlie Watkins wa kampuni ya WEM alipeleka mfumo wa wati 1,000 kwenye tamasha la Windsor mwaka 1967, jambo lililoonekana la kichaa wakati huo. Marekani, Bill Hanley kutoka Medford, Massachusetts, ndiye aliyebeba Woodstock mwaka 1969, spika zikiwa juu ya minara, watu zaidi ya 400,000 wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Hanley pia ni kati ya waliosisitiza miksa iwekwe kule waliko watazamaji, si pembeni ya jukwaa. Ukifikiria, ni jambo la wazi. Utawezaje kuwapikia watu chakula usichokionja?

Halafu kuna Grateful Dead, nao waliamua kuumaliza mchezo. Mwaka 1974 walitembea na kile kilichoitwa Ukuta wa Sauti: zaidi ya spika 600, uzito wa takribani tani 75, urefu wa jengo la ghorofa tatu. Aliyesukuma wazo hilo alikuwa Owsley Stanley. Kichaa chake hakikuwa ukubwa tu. Waliuweka ukuta wote nyuma ya bendi, ili wanamuziki wasikie kilekile wanachosikia watazamaji, bila monita.

Kama umefuatilia habari ya mluzi hapo juu, utauliza: si spika zote zinatazama maiki? Ndiyo. Kwa hiyo kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizounganishwa kinyume. Sauti ya ukuta iliingia kwenye zote mbili kwa kiwango sawa, zikafutana. Mwimbaji aliimba kwenye moja tu, sauti yake ikabaki. Ilifanya kazi, ingawa sauti za waimbaji zilitoka nyembamba kidogo. Kilichowashinda ni gharama za kuusafirisha na kuujenga ukuta huo mji hadi mji. Kufikia Oktoba mwaka huohuo waliuweka chini.

Zile spika unazoona leo Uhuru Gardens kwenye matamasha makubwa, zinazoning'inia kwa safu iliyopinda kama ndizi, zilitoka kwingine. Mwanafizikia Mfaransa Christian Heil wa L-Acoustics alileta mfumo wa V-DOSC mwaka 1992, na kampuni nyingine zikafuata. Safu hiyo hutupa sauti mbali kwa usawa, wa mbele asiumie na wa nyuma asikose.

Turudi kwenye baa yetu. Tuseme shoo inaanza saa mbili usiku. Wewe uko pale saa saba mchana, mara nyingi kabla hata ya mwenye funguo. Unashusha spika kwenye gari, na hakuna mtu atakayekusaidia kwa sababu wote ni wasanii. Jana yake bendi ilipaswa kukutumia karatasi mbili: mchoro wa nani anasimama wapi, na orodha ya kila chombo kinachohitaji laini kwenye miksa. Bendi iliyo rada hutuma. Nyingine hukutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba wako watano, halafu wanafika saba na saksafoni.

Kabla ya muziki, umeme. Hapa sitanii. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maiki kwenye mfumo ambao haukuwa na ethi. Gitaa la umeme ni nyaya za chuma mikononi mwa mtu anayetokwa jasho, na midomo yake iko karibu na maiki ya chuma. Ukiwa na jenereta ya kukodi na soketi zilizofungwa na fundi wa mtaa, huna haki ya kudhani kila kitu kiko sawa. Kuna wale ambao wakisikia spika zinavuma, mvumo wa umeme wetu wa mzunguko wa 50, hukata waya wa ethi kwenye plagi, na kweli mvumo unaisha. Kinga ya mwanamuziki nayo imeisha. Mvumo huondolewa upande wa mawimbi ya sauti, kwa kisanduku cha DI chenye swichi ya kutenganisha, au kwa kuchomeka vifaa vya jukwaa na miksa kwenye chanzo kimoja cha umeme. Plagi usiiguse.

Kisha majaribio. Desturi ni kuanza na ngoma ya mguu, uende kwa dramu zote, besi, magitaa, na waimbaji wa mwisho. Mimi naona katika chumba kidogo uanze na mwimbaji. Yeye ndiye mwenye kikomo. Ukishajua maiki yake inafika wapi kabla ya kupiga mluzi, unajua wengine wote wanapaswa kukaa chini ya hapo. Mafundi wengi hawatakubaliana nami, na dramu zitaendelea kuchukua nusu saa huku mwimbaji akisubiri.

Usifurahi sana majaribio yakienda vizuri, kwani ukumbi ulikuwa mtupu. Watu wakiingia, miili na nguo zao hunyonya sauti, hasa ya juu, na joto linapanda. Ulichokipanga saa kumi jioni si kilichopo saa tatu usiku. Kwa hiyo wimbo wa kwanza unaufanyia kazi kama mtu anayezima moto: mkono mmoja kwenye sauti ya mwimbaji, mwingine unatafuta besi. Kufikia wimbo wa tatu unaweza kupumua.

Kwenye shoo kubwa kazi hii hugawanywa. Mmoja hukaa kule mbele ya watazamaji, mwingine hukaa pembeni ya jukwaa akishughulikia monita tu, yaani kile wanamuziki wanachojisikia wenyewe. Huyu wa monita haonekani kabisa na watazamaji, lakini bendi humwangalia yeye kuliko mtu yeyote. Karrie Keyes amefanya kazi hiyo na Pearl Jam kwa zaidi ya miongo miwili, na mwaka 2013 yeye na Michelle Sabolchick Pettinato walianzisha SoundGirls, mtandao wa wanawake walio kwenye sauti za laivu. Nasema hivi kwa dada zetu ambao wakifika na begi la kebo huulizwa kama wamekuja na mwimbaji.

Bendi ikikaa na fundi mmoja kwa muda mrefu, jambo fulani hutokea. Mick Hughes, Mwingereza anayejulikana kama Big Mick, alianza kuichanganyia Metallica mwaka 1984 na akaendelea kwa miongo. Katika muda huo bendi imekuwa na wapiga besi watatu: Cliff Burton, aliyefariki kwenye ajali ya basi mwaka 1986, Jason Newsted na Robert Trujillo. Fundi aliwazidi. Sifa yake moja ni sauti ya ngoma ya mguu: ina mshindo wa chini, ina mlio mkali wa juu kama kidole kikigonga meza, na katikati ameichota. Ndiyo sababu Lars Ulrich anapozipiga haraka uwanjani unazisikia moja moja badala ya ngurumo moja. Hilo wanamuziki hawawezi kujifanyia wenyewe wakiwa jukwaani. Ni uamuzi wa muziki, na uliofanywa na mtu aliye nyuma ya miksa.

Sasa, kuingia. Nchini Kenya mlango mkubwa ni kanisa, na huu si utani. Kanisa kubwa la mjini lina bendi kamili ya laivu kila Jumapili, lina miksa ya dijitali, na lina uhitaji wa kudumu wa vijana wa kujitolea. Ni wapi kwingine kijana wa miaka 19 atapewa dramu, besi, magitaa mawili na waimbaji wanane kila wiki bila kulipa karo? Mwenye kujua kusawazisha kwaya ya watu 30 na mpiga dramu mwenye upako mwingi hatatishwa na bendi ya roki.

Mlango wa pili ni kampuni za kukodisha mitambo. Huko utaanza kwa kubeba. Miezi mingi utakuwa mtu wa spika na kebo, na watakupima kwa kitu kinachoonekana cha kijinga: unavyokunja kebo. Anayeizungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo huiharibu ndani, nyaya hujisokota na kukatika. Ukijifunza kuikunja kwa kupishana, duara moja juu na moja chini, siku ya pili itafunguka ikiwa imenyooka na msimamizi ataanza kukukumbuka jina.

Darasa lipo pia, ikiwa una karo. Taasisi ya Mafunzo ya Mawasiliano ya Habari, KIMC, imefunza mafundi wa utangazaji kwa miaka mingi, na Santuri jijini Nairobi hufunza vijana utengenezaji wa muziki wa kielektroniki. Lakini kuna mengi ya bure. Miksa ya Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012 na ambayo utaikuta makanisa na kumbi nyingi, ina programu ya kompyuta isiyolipiwa yenye sura ileile ya miksa. Unaweza kujua kila kitufe kiko wapi kabla hujawahi kuigusa. Mkufunzi Mwingereza Mike Senior ana maktaba ya intaneti yenye nyimbo zilizorekodiwa kila chombo peke yake, roki zikiwemo, unapakua na kujizoeza kuchanganya. Na X32 hiyo inaweza kurekodi laini 32 kwa kebo ya USB, kwa hiyo kama kanisa lako litakuruhusu, rekodi ibada ya Jumapili, Jumanne zipitishe laini hizo tena kwenye miksa na ujaribu upya ukumbi ukiwa mtupu. Hapo unakosea bila mtu kugeuka kukuangalia.

Pesa je? Nitasema wazi: roki peke yake haijazi sufuria Nairobi. Bendi nyingi zenyewe hugawana kilichopatikana mlangoni, na wa mwisho kukumbukwa ni fundi. Anayeishi kwa kazi hii ni yule anayefanya roki Ijumaa, arusi Jumamosi, kanisa Jumapili na kongamano la shirika fulani Jumatatu katika hoteli ambako kazi ni maiki mbili na mtu wa hotuba. Kongamano ndilo hulipa kuliko vyote na ndilo linalochosha moyo kuliko vyote. Unalipwa kwa siku au kwa shoo. Desemba hulali, Januari simu inanyamaza.

Kwa hiyo mkubaliane kabla. Kiasi, saa, nani analipa usafiri wa usiku, na kama mitambo ni yako, nani atalipa spika ikiungua. Ujumbe wa WhatsApp wenye "sawa" ya mwandalizi ni bora kuliko kumbukumbu yako. Omba dipoziti. Mwandalizi anayesema "tutaona vile mlango utafanya" anataka kukugeuza mwekezaji wa tamasha lake bila kukupa hisa.

Ushindani mwingine unatoka nje ya ukumbi. Tangu kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, na hasa tangu Desemba 2022 ambapo Gavana Johnson Sakaja aliagiza klabu za usiku zilizo kwenye makazi ya watu zifutiwe leseni, fundi wa sauti ndiye hukimbiliwa kanjo wakifika. Bendi inataka iongezwe, meneja anataka ipunguzwe, jirani amepiga simu. Ukishajua kupunguza jukwaani bila kuua nguvu ya wimbo, watu wa baa watakuita tena kuliko yule mwenye spika kubwa.

Na hilo linanipeleka kwenye masikio, jambo ambalo vijana wengi wa kazi hii hulichukulia kama mzaha.

Kipimo kinachotumika sana, kilichowekwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila ikiongezeka desibeli tatu, muda salama hukatwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne. 91 ni mbili. Ukifika 100, ambayo ni shoo ya kawaida ya roki, una dakika 15. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini huweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, na baa ni mahali pa kazi kama kiwanda, ingawa sijawahi kuona mwenye baa anayeitaja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi za burudani zisipite wastani wa desibeli 100, na ziwape watu viziba masikio na mahali pa utulivu pa kupumzikia.

Mtazamaji huja mara moja kwa mwezi. Fundi yuko pale kuanzia majaribio hadi mwisho, siku tatu au nne kwa wiki. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Ule mlio unaobaki masikioni ukifika nyumbani alfajiri ni onyo. Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kusimamisha ziara mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba anaweza kupoteza kabisa kusikia, na Axl Rose akaingia kumalizia. Johnson alikuwa na bendi tajiri nyuma yake. Wewe una begi la kebo.

Mara nyingi kinachoanza kuondoka ni sauti za juu: makali ya matoazi, herufi "s" na "sh" za mwimbaji. Fundi aliyezipoteza hajui kwamba hazisikii. Anaona muziki umefifia, anaziongeza. Ukumbi mzima unaanza kuumia, na yeye anafurahi kwamba sasa imekaa sawa. Ukienda shoo na kila kitu kinakuchoma kama sindano, huenda si mitambo.

Viziba masikio vya povu hupatikana kwenye maduka ya dawa kwa bei ndogo, lakini huziba sauti za juu kuliko za chini, ni vigumu kuchanganya muziki ukiwa navyo. Vaa wakati wa kufunga mitambo, wakati DJ anapiga kati ya bendi, na wakati wa kumsubiri mpiga dramu achoke kujijaribu. Vipo vya wanamuziki vinavyopunguza masafa yote kwa karibu usawa, ni ghali kidogo, na ndivyo ningenunua kabla ya hedifoni za kujionyesha. Kisha nenda hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo, upimwe kusikia ungali mzima, uchukue karatasi yenye mchoro na uihifadhi, ili mwaka ujao upimwe tena na daktari awe na cha kulinganisha. Nenda kabla ya Desemba. Shoo zikianza hutapata siku.